Mwaka Nilipoifumua Kofia ya Ouma

Bati nililitambua kabla ya kumtambua aliyelishika. Bati la biskuti, la bluu, kifuniko kimebonyea upande mmoja. Miaka ishirini na ushee haikulifanya kitu ila kulichubua rangi. Aliyelishika alikuwa mwanamke wa Kizungu wa makamo, na pembeni yake msichana wa miaka tisa hivi, mwenye nywele nyingi, nyingi kwelikweli, zimemjaa kichwa kizima hadi masikioni. Walikuwa wamepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa sababu lifti ya jengo letu la ushonaji hapa Doornfontein, Johannesburg, hufanya kazi ikijisikia. "Namtafuta Mama Aline," alisema kwa Kiingereza, huku anahema. Nikawavutia viti, nikamwambia kwamba Mama Aline tumemzika wiki tano zilizopita. Alinipa pole, akasema hata bibi yake, Ouma, alifariki zamani, na kwamba yeye ni Annelie, mjukuu aliyerithi bati lile. Ouma alimwachia agizo moja: kilichomo ndani kikihitaji kuguswa, akiguse yule mwanamke aliyekifumua, asiguse mwingine. "Na aliyekifumua ni Mama Aline," akasema. "Basi nimechelewa." Akaanza kumshika mtoto mkono. Nilikuwa na neno la kumwambia, neno nililolimeza nikiwa na miaka kumi na tisa, na hata siku hiyo sikulitoa. Nikasema tu, "Kunyweni chai kwanza." Na wakati birika likichemka, mwaka ule wote ukanirudia.

Mwaka ule nilikuwa mgeni wa Johannesburg, nimetoka Bukavu na mfuko mmoja, na Mama Aline alinipokea Park Station bila hata kunijua. Hatukuwa ndugu wa damu. Mchungaji wa kwetu alimwandikia tu kwamba binti anaitwa Sifa, anajua kutumia cherehani, naye akaja. Alinikagua kuanzia kichwani, na alipofika kwenye kitambaa nilichojifunga kwa haraka ndani ya basi, akasema, "Eh, ma fille, nani alikufunga hivi? Umefungwa kama gunia la mihogo." Ndiyo salamu yake ya kwanza kwangu. Kisha akanibebea mfuko mpaka Joubert Park, nyumbani kwake, akanifungua kitambaa palepale mlangoni na kukifunga upya kabla hajanipa hata maji ya kunywa. Nilichukia sana. Leo natamani mtu anifanyie hivyo.

Fleti ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na sebule, na watu tuligawana kwa mapazia. Mapazia yenyewe yalikuwa mabaki ya satini kutoka kazini, kwa hiyo mimi nililala katikati ya pazia la waridi na pazia la madoa ya chui, na asubuhi jua likipenya unaamka umegeuka waridi mwili mzima. Jumamosi Mama Aline alipika sombe, majani ya muhogo yaliyogandishwa, na ndakala, wale dagaa wa kukaushwa, aliotumiwa kutoka ziwani kwetu, na kwa sababu ndakala walikuwa wachache aliwagawa mwenyewe kwa mkono, akianza na aliyefanya kazi vizuri wiki hiyo. Hakusema chochote. Ulitazama sahani yako ukajua umeshinda wapi na umeanguka wapi. Siku nyingine tulikula bugali wa unga mweupe wa hapa na samaki wa kopo, na yeye alilalamika kila siku kwamba unga wa huku ni laini mno, unateleza tu kooni bila kukuambia umekula. Alilalamika hivyo hadi mwaka aliofariki.

Kazi yetu ilikuwa kofia za kulalia. Sisi Wakongo tuliziita boneti, kwa Kifaransa, na Dada Neema, fundi mwenzetu kutoka Mwanza, alitucheka kwamba kwao boneti ni ya gari. Ni zile kofia pana, laini, zenye lastiki, ambazo mwanamke huvaa kitandani ili mto usimkatie nywele wala kumfumua misuko aliyokalia siku nzima. Karatasi ya nje iliandikwa hariri. Hariri gani! Ilikuwa satini ya plastiki kutoka maduka ya Fordsburg, ikikaribia pasi tu inajikunja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugusa hariri yenyewe. Lakini Mama Aline alizishona kana kwamba zitavaliwa kanisani. Ukimtazama alivyopita mjini na macho yake vichwani mwa watu ungedhani amepoteza kitu. Alinionyesha makoti wa Kizulu, bi arusi mpya, aliyefunga doek, kitambaa cha kichwa, chini mpaka nyusi kwa kuwaheshimu wakwe. Mnigeria aliyepandisha kitambaa kigumu juu mpaka akainama mlangoni. Kina mama wa makanisa Alhamisi na kofia zao nyeupe. "Yule ana huzuni," alininong'oneza siku moja kwenye robot, yaani taa za barabarani, tukisubiri kuvuka. "Unaona amefunga nyuma tu, mbele ameacha?" Sikuona kitu. Yeye aliona.

Ouma alitujia mwezi wa tano, baridi imeanza. Alikuwa bibi mzee wa Kiafrikana, Mzungu wa huku, mrefu, amevaa sweta la mwanamume, na alipoulizwa jina alisema kila mtu humwita Ouma, yaani bibi, nasi tumwite hivyohivyo. Alikuwa amesikia habari zetu kwa mwanamke aliyemsaidia nyumbani, ambaye alinunua kofia kwetu. Aliweka bati la bluu mezani, akalifungua, na ndani, katika kitambaa cheupe, kulikuwa na kofia ambayo mimi sijawahi kuona mfano wake: ukingo wa mbele mrefu uliouzunguka uso kushoto na kulia, nyuma pindo la kufunika shingo, na kuanzia ukingo mpaka utosini mistari ya kamba nyembamba iliyoshonewa kati ya vitambaa viwili, sitini na miwili, yote kwa mkono. Kwao huitwa kapi. Bibi wa bibi yake aliivaa kwenye gari la ng'ombe, kisha kanisani, kisha akawaachia. Hariri yake ilikuwa nyeupe zamani, sasa imeshika rangi ya chai ya maziwa. "Nina wajukuu wawili wa kike na kofia moja," Ouma alisema. "Sitaki nife waanze kugombana. Nishonee nyingine kama hii, asiweze mtu kuzitofautisha." Alikuwa na picha pia. Bibi huyo mkali amekaa kitini na kapi kichwani, na nyuma yake, karibu kukatwa na fremu, mwanamke mweusi aliyefunga kitambaa. Mama Aline akaweka kidole juu yake. "Na huyu nani?" Ouma akavaa miwani, akatazama muda mrefu. "Sijui. Hakuna aliyetuambia." Mama Aline akairudisha picha. "Njo huyu alishona," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, yaani ndiye huyu aliyeshona, na Dada Neema akatafsiri kwa adabu kwamba picha ni nzuri.

Sasa hapa ndipo lazima nieleze tulivyofanya kazi, maana bila hivyo mtaniona mwendawazimu. Fundi wa kwetu hachori sana. Mteja akileta gauni lililochakaa akataka jipya kama lile, unalifumua. Unakata uzi mmoja mmoja, unatenganisha mikono, kifua, mgongo, unapiga pasi kila kipande, unakilaza juu ya kitambaa kipya na kukata. La zamani linakuwa matambara, na mteja anafurahi. Nilifanya hivyo Bukavu tangu nilipoanza kufikia kanyagio la cherehani. Kwa hiyo Jumanne ile Mama Aline alipokuwa mlangoni akienda Fordsburg kutafuta hariri ya kweli, akageuka na kusema, "Sifa, weye uanze ile ya Ouma," mimi nilianza.

Nilifumua vizuri! Nisijidharau. Nilitumia wembe mpya uliovunjwa nusu, sikupasua hata mahali pamoja. Nilitoa pindo la shingo, nikatenganisha utosi na ukingo, nikatoa bitana, na nilikuwa nimechomoa kamba za mistari kumi na mmoja, vipande vyote vimepigwa pasi na kupangwa mezani kwa mfuatano, huku naimba, ndipo Dada Neema aliporudi kutoka kununua chipsi. Alisimama. Chipsi zikaanza kumdondoka kwenye karatasi moja moja. "Mungu wangu," akasema. "Mdogo wangu, umeua." Bado sikuelewa. Ilibidi anieleze, taratibu, kwamba yule mzee hakutaka mpya badala ya ya zamani. Alitaka zote mbili. Nikakaa chini sakafuni kati ya mabaki ya satini, na Mama Aline akanikuta hapohapo.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliweka mfuko wake, akavua viatu, akatembea kuizunguka meza pole pole bila kugusa kitu. "Nani alikuambia ufumue?" aliuliza. "Wewe, Mama. Ulisema nianze." Akafikiri. Nilimwona anayarudia maneno yake mwenyewe mdomoni. "Njo vile," akasema hatimaye. "Nilisema." Kisha akamtuma Dada Neema akafunge mlango.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa mpakani. Sikuwa na kwingine kwa kwenda katika mji huu. Nilikuwa na pazia la waridi na pazia la chui, basi. Na dada yake Mama Aline, kule Bukavu, alikuwa anasubiri mwaka mzima kumtuma binti yake, Bahati, alale pale nilipolala mimi. Kesho yake alfajiri nikawasikia kwenye simu, nyuma ya pazia, Mama Aline ameweka spika kwa sababu alikuwa anafunga kichwa na mikono yote miwili ilikuwa kazini. "Umurudishe huyo!" dada mtu alisema. "Ataharibu jina lako kwa Wazungu. Nitakutumia Bahati, yeye ana cheti." Nilishikilia blanketi mdomoni. Nilimsikia Mama Aline akikivuta kitambaa, akikikaza. "Hapana," akasema. "Uliona namna alifumua? Hariri ya kizee vile, na hakuna hata pahali amepasua. Bahati angepasua." Dada mtu akaanza kulalamika tena, na Mama Aline akamwambia salio linaisha. Nililia bila sauti mpaka nikachelewa kazini, na sijui kama yalikuwa machozi ya aibu au ya kupendwa. Nadhani yote mawili.

Tulikuwa na wiki tatu. Mama Aline alishona ile mpya, mimi akanipa ya zamani. "Weye uliona namna vipande vilikuwa," alisema. "Miye sikuona." Cherehani haikuruhusiwa kusogea hata karibu. Sindano ilipita kwenye matundu yaleyale ya mwanzo, moja baada ya jingine, kwa kioo cha kukuzia alichokuwa anasomea Biblia. Uzi wa dukani ulikuwa mnene na mweupe mno, basi akanionyesha kuchomoa nyuzi kwenye ukingo wa ndani wa hariri ileile, mahali pasipoonekana, na kuzipitisha kwenye nta ya mshumaa zisikatike. Katika kufanya hivyo nikaona jambo. Kulikuwa na matundu ambayo hayakuwa yangu. Mstari wa pili wa matundu madogo yaliyoachwa wazi, sentimita moja kutoka mshono, na mahali pengine wa tatu. Mtu aliwahi kuifumua kofia hii kabla yangu, akaipunguza. Na mwingine kabla yake akaipanua. Nilimwita Mama Aline akatazama kwa kioo. Alicheka kicheko kifupi cha puani, akaniambia niendelee. Jumamosi ya pili nilipata ndakala wengi kuliko wote, na Dada Neema akanung'unika waziwazi kwamba hapa sasa watu wanatuzwa kwa kuharibu.

Asubuhi ya Ouma kuja, Mama Aline alitupa agizo: tusiseme. Kofia imerudi ilivyokuwa, mzee ana moyo mbovu, hakuna faida ya kumuumiza. Tulikubali haraka sana, hasa mimi. Ouma aliingia na mkate wake mkavu wa kuchovya kwenye chai, akakaa, akapewa zote mbili. Aliishika ile mpya, akaisifia. Kisha akaichukua ya zamani, akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mistari, akainusa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama Aline nikitazama sakafu. "Mniwie radhi," Ouma alisema, na machozi yalikuwa yamemlenga. "Wiki tatu sikulala vizuri. Watoto wangu waliniambia nimechanganyikiwa, kuwaachia watu nisiowajua kitu kama hiki. Na ninyi hamkuigusa kabisa." Angetukana ingekuwa nafuu. Kikombe cha Mama Aline kiligonga meza. "Ouma," akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "tuliifumua. Yote. Mimi niliifumua." Nikafungua mdomo. Chini ya meza kisigino chake kikatua juu ya vidole vyangu, kwa uzito wake wote, na hakikuondoka. Nikaufunga. Akamwonyesha mishono, akamwonyesha yale matundu ya zamani, akamweleza kwamba hata kwao walifumua, tena mara mbili. Ouma alizipanga kofia ndani ya bati, akainuka, akaondoka, chai yake haijafika nusu. Dada Neema alisema, "Haya, kwaheri Wazungu," na Mama Aline akamwambia anyamaze ashone.

Ouma alirudi wiki iliyofuata, kwa kisingizio cha miwani aliyoisahau. Akaipokea, akaivaa, hakuondoka. Hatimaye akasema nywele zake zinakatika kwenye mto, na je, hizi kofia za kulalia zinaweza kuvaliwa na mtu kama yeye? Mama Aline akampa ya zambarau. Sasa kofia zetu zilikatwa kwa ajili ya misuko, hiyo ndiyo hesabu ya kichwa tuliyoijua, na Ouma alikuwa na nywele za kujaza kijiko. Ilimshuka kichwa, ikashuka nyusi, ikatua puani. Akakaa hivyo hivyo, haoni, mikono magotini. "Usiku huwa hivi?" akauliza kutoka ndani. Dada Neema alikimbilia kwenye ngazi kucheka, na Mama Aline akacheka mpaka kitambaa chake mwenyewe kikalegea, jambo ambalo sikuliona tena maisha yangu yote. Tangu siku hiyo Ouma alikuwa mtu wetu. Alikuja kila mwezi, na kila akiingia alisema, "Yuko wapi yule mfumuaji wangu?" na Mama Aline alijibu, "Niko hapa." Mimi nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwao. Nilisema nitamwambia mwezi ujao, nikasema Krismasi, kisha Ouma akaacha kuja, tukasikia ametutoka. Kwa Mama Aline nilijaribu mara moja tu kumshukuru. Aliniambia nikatazame sufuria. Nilipomfunga kichwa kwa mara ya mwisho, wiki tano zilizopita, nilimkazia vizuri, mbele na nyuma, nikamwambia sikioni kwamba mimi ni mwoga. Hilo bado linaniuma.

Chai ilikuwa tayari. Annelie alikuwa amefungua bati amwonyeshe mtoto kofia ya zamani kwa mara nyingine kabla ya kuondoka; ile mpya ilikwenda kwa mjukuu mwingine. Shuleni kwao siku ya urithi inakuja, akanieleza, kila mtoto avae cha kwao; baba wa mtoto ni Mwafrika wa kitongoji cha Alexandra na kwa bibi yake huko amepewa shanga tayari, lakini anataka na hii. Alimwekea kichwani. Kofia ilikaa juu ya zile nywele bila kushuka, ndogo, ya kuchekesha, na mtoto akaishika kwa mikono miwili isidondoke. "Ayingeni," akasema kwa Kizulu, haiingii, akaitoa mwenyewe kwa uangalifu. Annelie akaanza kuikunja kwenye kitambaa cheupe. "Si kitu," akasema. "Alikuwa yeye tu wa kuigusa."

"Hakuwa yeye," nikasema.

Aliinua uso. Nikayasema yote kwa pumzi moja, wembe, pasi, kisigino cha Mama Aline, na kwamba kwa miaka hii yote bibi yake alimwita mfumuaji mtu ambaye hakufumua hata mshono mmoja. Nilidhani atanikasirikia, au atacheka. Hakufanya hata moja. Alilisukuma bati juu ya meza, likaja mpaka mbele yangu.

"Basi ni wewe ninayekutafuta," akasema. "Anza."

Nilichukua wembe, nikauvunja nusu. Halafu nikauweka chini, nikamtazama yeye na mtoto wake, nikauliza nilichopaswa kuuliza tangu nina miaka kumi na tisa:

"Nianze nini?"